Wafanyakazi Arobaini na Wawili wa Mitaboni

Nyinyi vijana, simu ikilia mnaona jina kabla hamjaigusa. Mkitaka mnaishika, msipotaka mnaigeuza kifudifudi mezani na kuendelea na chakula. Mimi kwa miaka kumi na moja nilishika simu bila kujua aliye upande wa pili, na kila ilipolia tumbo lilijikunja kama la mtu anayesubiri sindano. Nawaambia hili mapema ili msije mkadhani kwamba kwa sababu nilikuwa hodari sikuogopa. Nilikuwa hodari sana. Na niliogopa kila siku ya kazi.

Nilirudi Machakos kutoka Gaborone, Botswana, nilikosoma na kufanya kazi ofisini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na masanduku mawili, taipureta ya umeme, na stashahada ya uhazili na uendeshaji wa ofisi. Stashahada hiyo sikupewa na mjomba. Baba yangu alichunga ng'ombe wa watu. Nilijisomesha kwa kufua nguo za walimu na za wanafunzi wenzangu, na nilipofanya mtihani niliwapita wanaume wote darasani, wakiwemo wawili ambao nilikuwa nawafulia. Niliitia kwenye fremu nikaitundika juu ukutani, mteja akimaliza kupanda ngazi akutane na ule muhuri wake mwekundu. Wengi walilalamika kwamba iko juu mno, haisomeki. Haikuwa ya kusomwa.

Chumba changu kilikuwa juu ya duka la misumari na mabati, karibu na soko. Ndani yake mlikuwa na kitu ambacho wafanyabiashara wadogo wa mji ule hawakuwa nacho: laini ya simu. Watu waliomba laini wakangoja hadi wakasahau kwamba waliomba. Mimi niliirithi kutoka kwa wakili aliyehamia Nairobi. Basi kazi yangu ikawa kumfanya mdogo aonekane mkubwa. Mtengeneza majeneza, mwoka mikate, mchimba visima, muuza mbegu na wengine wawili, wote waliweka namba yangu kwenye karatasi zao, nami nikawa mapokezi ya kampuni sita nikiwa nimekaa kiti kimoja. Jina langu halikutajwa kwenye simu ile hata mara moja. Nilikuwa "mapokezi," nilikuwa "katibu," na siku nikiwa na mafua nilikuwa "mkurugenzi msaidizi."

Ufundi wenyewe ulikuwa hivi. Barua yako ya kwanza kabisa usiipe namba moja. Zangu zote zilianzia 0417, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukuamini. Karatasi iwe nene. Maskini akiandika barua hujaza ukurasa mpaka pembeni, kwa hiyo wewe acha nafasi nyeupe, acha nyingi, mpaka mteja wako aone uchungu wa karatasi inayopotea. Mtu akimwomba mkurugenzi, usimpe hapo hapo hata kama amekaa mbele yako anakula mahindi ya kuchoma. Mwambie asubiri umuunganishe. Weka mkono wa simu juu ya kitabu, tembea na viatu vyenye kisigino mpaka dirishani, rudi. Na simu ikilia usiseme jina la kampuni, maana hujui ni ipi kati ya sita inayotafutwa. Sema tu "Halo, ofisini," kwa sauti ya mtu aliyekula vizuri, kisha ngoja mpigaji ajitaje.

Hilo la mwisho nililijifunza kwa aibu. Asubuhi moja nilijiamini kupita kiasi, nikasikia mtu anauliza kama tunaweza kumpelekea mzigo Jumamosi mapema, nikadhani ni hoteli inayotafuta mikate. Nikamuuliza anataka dazeni ngapi, na kama angependa zifike zikiwa za moto. Akasema polepole, "Madam, ni mama yangu amefariki. Nataka moja." Mpaka leo nikipita penye mazishi natembea upande wa pili wa barabara.

Aliyenifundisha mambo ya karatasi ni Mzee Kilonzo, mchapaji aliyekuwa na mashine ya zamani ya kukanyagwa kwa mguu, nyuma ya soko. Hakuwa na cheti hata cha ubatizo, lakini mimi mwenye stashahada nilikaa kwenye kibao chake kama mwanafunzi, na sioni haya kusema hivyo. Nikimpelekea maneno ya kuchapa, alikuwa anayapunguza.

"Madam, mtu mkubwa hajielezi," aliniambia. "Jina, sanduku la posta, simu. Basi. Hii nyingine ni ya nini?"

"Ni matawi, Mzee. Kampuni kubwa zina matawi."

"Tawi liko na mlango?"

"Si lazima liwe na mlango?"

"Basi usiandike. Kitu chenye mlango, mtu anaweza kuja kubisha."

Nilicheka. Nikamwambia hayo ni mawazo ya mtu ambaye hajatoka Machakos. Kumbukeni hapo, kwa sababu nitaparudia.

Kulikuwa pia na kaseti. Ofisi kubwa ina kelele, na yangu ilikuwa na mimi tu na mbu. Kwa hiyo nilikwenda nyumbani kwetu Kathiani na redio-kaseti, nikajifungia chumbani, nikarekodi taipureta mbili za kuazima nikizichapa kwa zamu, dada yangu akipita na viatu vyangu na kufungua na kufunga droo. Ilitoka vizuri ajabu. Simu ikilia nabonyeza kwanza kaseti, kisha nashika simu, na mpigaji anasikia watu kumi wakihangaika nyuma yangu. Kasoro ilikuwa moja. Mwisho wa dakika ya nne jogoo wa mama aliwika. Sikumsikia wakati wa kurekodi. Nilipomgundua, niliogopa kurudia kazi yote, nikaona heri nijifunze kumaliza mazungumzo kabla ya dakika nne. Kila simu niliongea jicho likiwa kwenye saa ya ukutani. Mpigaji akiwa mrefu wa maneno, jasho lilinitoka. Jogoo akishawika nilisema, "Samahani, laini zimeingiliana," na siku zile laini ziliingiliana kweli, kwa hiyo waliniamini. Ndivyo nilivyofikiri.

Sasa niwaambie habari ya Syombua, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Syombua alikuwa mama wa Mitaboni aliyefuma sweta za shule. Alikuwa amefanya kazi kiwanda fulani Nairobi, na kilipofungwa alichukua mashine mbili za kufuma badala ya haki yake, akarudi nazo kwenye chumba cha mabati, yeye na dada yake Nthenya. Sweta zake zilikuwa kazi ya mikono ya kweli. Ukiikunja katikati, mkono wa kulia na wa kushoto vinalala pamoja kama mapacha. Lakini alikuwa akiuza moja moja sokoni, na alijua kwamba bila shule kumwagiza kwa wingi, mashine zile zingeuzwa kabla ya mwaka kwisha. Alinijia na sweta moja ya mfano na fomu ya kuomba kazi, ya shule tatu za bweni zilizokuwa na mnunuzi mmoja.

Fomu iliuliza idadi ya wafanyakazi.

"Wawili," alisema Syombua. "Mimi na Nthenya."

Niliandika mbili. Nikaitazama. Ile mbili peke yake kwenye kisanduku kile ilinitia huruma, nikaiwekea nne mbele. Palipoulizwa matawi, nikakumbuka ana shangazi Kithyoko anayeuza nyanya, na kwetu mimi ni Kathiani, nikaandika Kithyoko na Kathiani. Ile mbili niliibadilisha wakati Syombua anatazama stashahada yangu ukutani. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi nikikumbuka.

Baada ya wiki mbili simu ililia. Nikabonyeza kaseti, nikashika.

"Naitwa Meja Mulwa," sauti ikasema. Ilikuwa sauti ya gwaride, unaweza kuisikia hata mkono wa simu ukiwa mezani. Alikuwa amesimamia stoo za jeshi maisha yake yote, akastaafu, na sasa alinunulia shule zile tatu kila kitu, kuanzia sare mpaka sufuria. "Sweta yenu nimeiona. Nimeipima. Nimeifua mara tatu. Ni nzuri."

"Asante sana, bwana Meja. Mkurugenzi wetu atafurahi."

"Nitakuja Alhamisi saa nne asubuhi kuona kiwanda." Aliongea polepole, kila neno likisimama peke yake. "Nataka kuwaona wote. Wote arobaini na wawili."

Nilitazama saa ya ukutani. Nilianza kusema Alhamisi tuna mkutano. Jogoo akawika. Meja akakata simu bila kuaga.

Nilimwita Syombua siku hiyo hiyo. Alipanda ngazi akiimba. Nilipomweleza, alikaa chini kwenye ngazi ya juu kabisa.

"Arobaini na wawili ni kina nani, Madam?"

"Ni wewe, Nthenya, na wengine."

"Wengine gani?"

"Niliongeza kidogo."

"Kidogo? Madam, umeniua. Hao wanunuzi wa shule wanajuana wote. Huyu akisema mimi ni mwongo, hakuna shule Machakos hii itanunua kwangu hata kitambaa cha kufutia ubao. Nitauza mashine. Aki nitauza."

Nilikuwa nafikiria neno ambalo wakili aliyeniachia simu alipenda kulitamka, kughushi, na jinsi linavyosomwa mahakamani. Lakini mimi si mtu wa kukaa na hofu mikono mitupu. Nikamuuliza kama yumo kwenye mwethya.

Kwa wasiokulia kwetu: mwethya ni kikundi cha majirani wanaolimiana na kuchimbiana mitaro ya kuzuia mmomonyoko, leo kwako, kesho kwangu. Hakuna mshahara. Siku hulipwa kwa siku. Mwethya wa Syombua ulikuwa na akina mama thelathini na wanane, mbali na yeye na Nthenya.

"Mwethya si wa kudanganya watu," alisema. "Ni wa kazi."

"Basi tutawapa kazi. Wakunje uzi. Si uzi utakunjwa kweli?"

Tulikwenda kwa kiongozi wao, Susu Kalekye (susu ni bibi kwa Kikamba), mama mfupi aliyevaa filimbi shingoni na ambaye sikuwahi kumwona akiketi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikumwambia yote. Nilimwambia kuna mgeni mkubwa na kazi ya siku moja.

"Wewe ndiye wa diploma?" aliuliza.

"Ndiye mimi, Susu."

"Sawa. Tutakuja. Lakini anayeita watu analipa na mgongo wake. Ijumaa tuko kwa Mbithe, kuna mitaro. Utakuja na Syombua. Na jembe."

Nikakubali haraka haraka, kama mtu anayetia sahihi bila kusoma. Nikachapa tangazo la kusomwa kanisani, aya tatu safi, likataja saa, mahali, na kwamba kila mtu avae leso safi kichwani. Nilijivunia tangazo lile. Sikusema majembe yabaki nyumbani. Ni Mkamba gani huenda mwethya mikono mitupu?

Alhamisi saa mbili na nusu waliteremka kilima wakiimba, thelathini na wanane, leso safi vichwani na majembe mabegani. Nilianza kupiga kelele wayafiche, lakini Susu Kalekye alipuliza filimbi, na akina mama, kwa desturi yao, wakayapanga yote yakiegemea ukuta wa mabati, mipini juu, sambamba. Tulikuwa tumetandika turubai uani. Wakaketi safu nne, kila mmoja na fungu la uzi wa samawati. Nilikuwa bado naangalia ni wapi nitapeleka majembe thelathini na manane wakati pikapu ya rangi ya vumbi iliposimama mlangoni. Ilikuwa saa tatu kasorobo. Mwanajeshi akikwambia saa nne, mngoje saa mbili.

Meja Mulwa alikuwa mwembamba, na viatu vyake viling'aa kuliko kitu chochote pale. Alinisalimia, akamsalimia Syombua. Kisha akasema, "Nilipita tawi la Kithyoko juzi. Nyanya zao ni nzuri."

Syombua alinitazama, kwa sababu hilo la Kithyoko nilikuwa sijamwambia.

Meja akaanza kutembea kando ya ukuta akihesabu kimya kimya, kidole kikigonga paja. Alifika mwisho.

"Thelathini na manane," alisema. "Silaha zimepangwa vizuri. Kiwanda cha sweta kinatumia majembe kufanya nini?"

Na mimi, mwenye stashahada, niliyewahi kuandikia barua mawaziri wa nchi ya kigeni, nikafungua mdomo. "Kampuni inawahimiza wafanyakazi wetu kulima wakati wa mapumziko, bwana Meja. Ni kwa ajili ya afya."

"Afya," alisema Meja, na akaandika kwenye daftari lake.

Akaingia kati ya safu. Akina mama walikunja uzi bila kuinua macho, na kwa mara ya kwanza niliona walivyoukunja: kwa mizunguko mikubwa ya kamba ya mbuzi. Mikono yao ilikuwa na nyufa za udongo. Akasimama mbele ya Susu Kalekye, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa wima. Akavua kofia.

"Mwaitu," alimwita kwa heshima, mama, "umefanya kazi hapa tangu lini?"

Nilimwomba Mungu ampe Susu kikohozi.

"Tangu asubuhi," alisema Susu.

Mahali fulani nyuma ya nyumba mbuzi alilia.

"Na kesho?"

"Kesho tuko kwa Mbithe. Kuna mitaro."

"Na Syombua atakuwepo?"

"Aende wapi? Leo tumekuja kwake. Na huyu wa diploma pia atakuja, alikubali." Akanionyesha kwa kidevu. "Asipokuja tutamfuata huko juu kwenye ngazi zake."

Meja aliandika tena. Kisha akaingia chumbani kwenye mashine, akamwambia Syombua afume. Syombua alifuma. Meja alisimama na saa yake.

"Sweta moja inachukua muda gani?"

Nilikuwa nimeandaa jibu la dakika arobaini. Syombua akaniwahi. "Masaa matatu. Na kola."

Nilimkanyaga mguu, lakini maneno yalikuwa yametoka. Nthenya alileta chai kwenye vikombe vilivyoazimwa. Meja akatazama chai, akavaa kofia. "Nitapiga simu," alisema, akaondoka. Mtu wa kwetu akiondoka nyumbani mwako bila kugusa chai uliyomletea, hata mtoto anajua hiyo si habari njema. Akina mama waliendelea kukunja uzi mpaka jioni, kwa sababu waliitwa kufanya kazi ya siku, na siku ilikuwa haijaisha.

Kesho yake nilichimba mtaro. Sikuwa nimeshika jembe tangu kabla ya Gaborone. Nilikuja na viatu vya ofisini kwa kuwa vingine sikuwa navyo, na kisigino kimoja kilibaki shambani kwa Mbithe mpaka leo. Syombua alichimba kando yangu bila kunisemesha. Mnamo saa tano niliinua kichwa nikaona pikapu ya rangi ya vumbi imesimama barabarani juu yetu. Hakuna aliyeshuka. Nilijua moja kwa moja: amekuja kuwaonyesha polisi mahali tulipo. Niliinama, nikachimba kama mtu anayetaka kuingia ndani ya ardhi. Nilipoinuka tena, haikuwepo.

Jumatatu simu ililia saa mbili asubuhi. Sikuishika. Ikalia saa tatu. Ikalia saa tano. Niliifunika kwa sweta, ikalia ndani ya sweta. Jumanne vivyo hivyo. Kampuni sita za mji huu zilikufa kwa siku mbili kwa sababu ya tumbo langu. Mtengeneza majeneza alipanda ngazi mwenyewe kuuliza kama nimekuwa mteja wake.

"Niko hai," nikamjibu.

"Basi shika simu, Madam. Watu wanafia nyumbani."

Vijana, najua mnavyofanya siku hizi. Mnaweka kwenye tovuti picha ya jengo la ghorofa ishirini ambalo si lenu, na watu waliovaa tai ambao hamjawahi kuwaona wakicheka, na mnaandika "sisi" mahali pengi mtu akiwa ni mmoja na kompyuta ya kuazima. Siwahukumu. Mimi ndiye niliyeanza. Karatasi nene haijamdhuru mtu, na sauti nzuri kwenye simu ni adabu. Lakini Mzee Kilonzo nilipokwenda kumlilia Jumanne ile, hakuniambia "nilikwambia." Aliniuliza tu, "Ulimwandikia mlango?" Nikasema ndiyo. "Milango mingapi?" Nikasema mitatu, pamoja na kiwanda. Akaendelea kukanyaga mashine yake.

Jumatano Syombua alikuja. Alipofika juu simu ilikuwa inalia.

"Madam, simu."

"Iache."

"Ni yeye?"

"Sijui ni nani. Iache, Syombua, tafadhali. Ikiwa ni yeye, kilichobaki ni kutuambia tu kwamba tumekwisha."

"Basi atuambie," alisema. "Mimi siwezi kuendelea kuamka na hii kitu kifuani." Akazunguka meza, akatoa sweta, akashika simu. Aliishika kwa mikono miwili, kama kikombe.

"Halo. Ni Syombua."

"Syombua wa kampuni gani?" Nilimsikia Meja vizuri kabisa nikiwa upande wa pili wa meza.

"Kampuni ni mimi. Wa Mitaboni."

"Wafanyakazi wangapi leo?"

Syombua alifunga macho. "Wawili. Na dada ako na homa, kwa hivyo ni mmoja."

Sijui ni nini kilinituma, nadhani ni mazoea ya vidole vya mtu anayeogopa, lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe ukabonyeza kaseti. Taipureta zikaanza. Viatu vya dada yangu vikapita. Syombua alinitolea macho makali, nami nikawa natafuta kitufe cha kuzima bila kukiona.

"Nilipita kwa Mbithe Ijumaa," Meja alisema. "Nikakuona kwenye mtaro. Na yule madam wako na viatu vyake. Mama yangu alikuwa wa mwethya. Mtu akikimbia siku ya kulipa, hata shati usimwagize. Nyinyi hamkukimbia. Nina shule ya wasichana, kidato cha kwanza. Shule moja tu, si tatu. Sweta tisini. Siku kumi na tano."

"Ishirini," alisema Syombua.

"Kumi na tano."

"Ishirini, Meja. Nikisema kumi na tano nitakuwa nakudanganya, na umedanganywa ya kutosha."

Nilikaa chini. Niliona hapo ndipo kila kitu kinapovunjika. Kaseti, ambayo sikuwa nimeirudisha mwanzo, ilikuwa bado inazunguka, sikuwa nimekipata kitufe, na dakika ya nne ikafika. Jogoo wa mama akawika katikati ya ofisi yangu, mzima mzima, kama alivyowika kila mara.

"Huyo hapo," alisema Meja. "Nilikuwa namsubiri. Hata siku ile ya kwanza, taipureta, taipureta, halafu yeye. Ishirini, sawa. Nataka barua mpya, na iandikwe nilichokiona kwa macho yangu. Na huyo jogoo mchinjeni."

Akakata.

Syombua aliweka simu chini taratibu. Hakucheka, wala mimi sikucheka. Alivuta kiti cha wageni, akakaa mbele ya taipureta yangu kama mtu aliyekuja kusimamia. "Andika, Madam," alisema. "Na safari hii natazama mkono wako."

Nilichukua karatasi nene. Nikaandika jina lake, sanduku la posta, simu. Matawi sikuandika. Nilipofika kwenye wafanyakazi nilisita. Nawaambia ukweli, niliogopa namba ile kuliko nilivyoogopa pikapu. Niliigonga: 2. Ilionekana ndogo sana kwenye weupe ule wote. Syombua aliinama akaitazama, akasema imekaa vizuri.

Kisha simu ikalia tena. Kidole changu kilikwenda kwenye kaseti, kikakuta Syombua ameshaitoa na kuiweka mfukoni mwa aproni yake. Sikujua ni majeneza, mikate, visima au polisi. Nikaishika.

"Halo," nikasema. "Ni Ndunge. Niko peke yangu hapa. Nikusaidie nini?"